Herufi Saba Miguuni pa Buddha

Ukikutana na sanamu ndogo ya Buddha iliyosubiwa Beijing katika karne ya 18, usianze na uso. Anza na ukingo wa mbele wa kitako, chini ya petali za yungiyungi. Mara nyingi utakuta hapo herufi saba za Kichina zilizopangwa mstari mmoja: Da Qing Qianlong nian jing zao. Maana yake ni kwamba sanamu imetengenezwa kwa unyenyekevu, katika enzi ya Qianlong wa Qing Kuu.

Wauzaji wa vitu vya kale hukimbilia jina la Qianlong, kwa kuwa ndilo linalopandisha bei. Kwangu mimi neno zito ni la sita, jing, lenye maana ya unyenyekevu au heshima ya mtu aliyeinama. Zaidi ya miaka 300 kabla yake, Kaisari Yongle wa nasaba ya Ming, aliyetawala kuanzia 1402 hadi 1424, naye alisubisha sanamu za Kibuddha na kuziandika jina la enzi yake. Za Yongle ziliishia na neno shi, yaani "imetolewa". Ziliandaliwa kuwa zawadi, na nyingi zilipelekwa Tibet kwa malama wakubwa, yaani walimu wakuu wa dini wa huko. Mtoaji yuko juu, mpokeaji yuko chini. Kwenye sanamu za Qianlong, mtu mwenye mamlaka kuliko wote China anajiandika kama mja.

Je, alimaanisha? Wapo wanaosema Ubuddha wa makaisari wa Qing ulikuwa siasa tupu, hila ya kuwafunga kamba Wamongolia na Watibeti. Wengine wanasema Qianlong alikuwa muumini kweli. Pande zote mbili zina ushahidi, na ushahidi wenyewe mara nyingi ni sanamu zile zile. Inabidi tufuate shaba ilikotoka na ilikokwenda.

Nasaba ya Qing haikuwa ya Wachina wa kabila la Han. Ilikuwa ya Wamanchu, watu wachache kutoka kaskazini-mashariki, walioingia Beijing mwaka 1644 na kutawala hadi 1912. Hata kabla ya kuvuka Ukuta Mkuu walijua kwamba bila Wamongolia hawafiki mbali. Wamongolia walikuwa na farasi na wapiganaji, na walikuwa pia na dini: Ubuddha wa Kitibeti, hasa madhehebu ya Gelug yanayojulikana kama kofia za njano. Katika miaka ya 1630, Hong Taiji, mtawala wa Wamanchu, alipomshinda Ligdan Khan wa Wamongolia wa Chakhar, aliletewa sanamu ya dhahabu ya Mahakala, mlinzi mkali wa dini. Ilisemekana kuwa ilisubiwa katika karne ya 13 kwa ajili ya Kublai Khan, mjukuu wa Genghis. Kuimiliki ilikuwa kama kurithi kiti cha Kublai mwenyewe. Hong Taiji aliijengea hekalu Mukden, mji unaoitwa leo Shenyang, na likakamilika mwaka 1638, miaka sita kabla ya Beijing kuanguka. Sanamu ilitangulia, dola ikafuata.

Kutoka hapo mtindo ukawa mmoja kwa vizazi. Dalai Lama wa Tano alifika Beijing mwanzoni mwa 1653 akapokewa na Kaisari Shunzhi. Mwaka 1691, Kangxi, mwana wa Shunzhi na babu yake Qianlong, aliwakusanya watemi wa Wamongolia wa Khalkha kwenye nyika ya Dolonnor, waje kumtambua kuwa mkuu wao. Aliyewaongoza alikuwa Zanabazar, lama mkuu wa Wakhalkha, ambaye alikuwa amekimbia nchi yake mbele ya majeshi ya Galdan wa Wazunghar, Wamongolia wa magharibi. Zanabazar huyo ndiye pia msanii mkubwa kuliko wote wa bronzi katika historia ya Mongolia. Sanamu zake za Tara, mungu wa kike wa huruma, mabega yameinama kidogo, kiuno chembamba, uso wa msichana anayesikiliza, hazina mpinzani hata katika karakana za kasri la Beijing. Nasema hivyo bila kusita. Dolonnor penyewe pakajengwa hekalu kwa amri ya kaisari, na mji ukageuka kuwa kitovu cha mafundi shaba waliowauzia Wamongolia sanamu kwa miaka mingi.

Tusidhani kwamba dini hii iliingia kasri kupitia mlango wa siasa peke yake. Makumbusho ya Kasri mjini Beijing yana sanamu ya Avalokiteshvara mwenye mikono minne, bodhisatva wa huruma (bodhisatva ni mtakatifu aliye njiani kuwa buddha, anayebaki kuwasaidia viumbe), iliyotengenezwa mwaka 1686. Maandishi yake yako katika lugha nne: Kimanchu, Kimongolia, Kitibeti na Kichina. Inahusishwa na Xiaozhuang, bibi yake Kangxi, ambaye alikuwa Mmongolia. Yeye ndiye aliyemlea Kangxi, na dini aliyokuja nayo alipoolewa ilibaki ndani ya nyumba. Kwa hiyo, tunaposema kaisari aliwapendelea Wamongolia, tukumbuke kwamba kwa upande wa bibi alikuwa mjukuu wao.

Sasa twende karakana, maana hapo ndipo mambo mengi huchanganywa.

Kwanza, neno bronzi lenyewe. Bronzi ni shaba nyekundu iliyochanganywa na bati. Sanamu nyingi za Qing zinazoitwa za bronzi kwa kweli zimechanganywa na zinki, yaani ni shaba njano. Jina limebaki kwa mazoea, nami nitaendelea nalo, ila ukisikia mtu anagombana kuhusu "bronzi halisi" ujue anagombana na kamusi.

Pili, namna ya kusubu. Fundi huunda umbo kwa nta juu ya kiini cha udongo, pamoja na kila kidole na kila ushanga. Huifunika nta kwa udongo laini, tabaka juu ya tabaka, kisha huweka motoni. Nta huyeyuka na kutoka, na pale ilipokuwa hubaki uwazi ambao hujazwa shaba iliyoyeyuka. Kalibu ikipoa huvunjwa. Msomaji wa Lamu hataona ugeni hapa: ile Siwa ya shaba ilisubiwa kwa njia hiyo hiyo ya nta.

Kisha hufuata dhahabu. Dhahabu huchanganywa na zebaki hadi iwe kama uji mzito, hupakwa juu ya shaba iliyosafishwa, na sanamu hupashwa moto. Zebaki hupaa kama moshi, dhahabu hushika. Moshi huo ni sumu, na waliouvuta ni mafundi ambao majina yao hayamo kwenye herufi saba.

Mafundi wa Beijing hawakuachwa peke yao. Karakana za kasri, Zaobanchu, zilikuwa chini ya idara ya nyumba ya kaisari, na madaftari yake yapo hadi leo. Yanaonyesha utaratibu wa ajabu. Kazi huanza na mchoro, halafu kielelezo cha nta kinapelekwa mbele ya kaisari. Anakitazama. Anarudisha na maagizo: hiki kirekebishwe, kile kibadilishwe, mwonyesheni lama kwanza. Akikubali ndipo inasubiwa, na hata baada ya hapo ataulizwa ipakwe dhahabu ya namna gani na iwekwe chumba gani. Qianlong alikuwa na dola ya kuendesha na vita vya kupigana kuanzia Asia ya Kati hadi Burma, lakini alipata muda wa kukagua nta. Alikuwa bosi wa aina tunayoijua, yule anayetaka kila karatasi ipite mezani kwake.

Miaka ya 1740 aliletewa Beijing mafundi Wanewar wa Nepal, watu ambao kwa karne nyingi walikuwa mabingwa wa sanamu za Himalaya. Baadaye alishikwa na hamu ya aina ya shaba ya Kitibeti yenye rangi ya zambarau iliyokolea, ambayo kasri iliita zijin lima. Mafundi wake walitafuta siri yake wakichanganya shaba nyekundu na dhahabu, fedha, chuma, risasi, bati na zebaki, hata unga wa vioo vya rangi. Mwanzoni mwa miaka ya 1780 wakaanza kuitoa kwa namna iliyomridhisha. Huwezi kueleza jambo hili kwa siasa peke yake. Mtemi wa Mongolia angepokea sanamu iliyopakwa dhahabu kwa furaha ile ile bila kujua kilichomo ndani yake.

Mtu wa pili katika simulizi hii, baada ya kaisari, ni Rolpai Dorje, anayejulikana pia kwa cheo cha Changkya Khutuktu. Alizaliwa 1717 upande wa Amdo, kaskazini-mashariki mwa Tibet. Mwaka 1723 kulizuka uasi katika eneo hilo, jeshi la Qing likauzima na nyumba za watawa zikachomwa. Mtoto huyo, aliyekwisha kutambuliwa kuwa lama aliyezaliwa upya, akachukuliwa na kupelekwa Beijing. Ungetegemea awe mateka. Badala yake alisomeshwa kasrini pamoja na mwana wa mfalme aliyeitwa Hongli, na Hongli huyo ndiye aliyekuja kuwa Qianlong. Mwaka 1745, kaisari alipiga magoti mbele ya mwanafunzi mwenzake wa zamani ili apokee kutoka kwake mafunzo ya siri ya Chakrasamvara, mmoja wa miungu wakuu wa Ubuddha wa Kitibeti.

Rolpai Dorje alifanya kazi ambayo bila yake sanamu hizi zisingeeleweka: aliipanga miungu. Ubuddha wa Kitibeti una mabuddha, mabodhisatva, walinzi na malama kwa mamia, kila mmoja na rangi yake, idadi ya mikono yake na silaha zake. Chini ya uongozi wake yalichorwa mafungu ya picha, moja lenye sura 300 na jingine 360, ili fundi asikosee. Sanamu za kale kutoka Kashmir, India na Tibet zilipoletwa kama zawadi, yeye ndiye aliyeulizwa hii ni nani na imetoka wapi. Majibu yake yaliandikwa kwenye vitambulisho vya lugha nne na kufungwa pamoja na sanamu. Baadhi ya vitambulisho hivyo vimebaki hadi leo, na wataalamu wa sasa hubishana navyo kama wanavyobishana na mwenzao aliye ofisi ya jirani.

Hitimisho la upangaji huo lilikuwa nyumba. Ndani ya kasri kuna jengo la ghorofa mbili, Fanhualou, lililojengwa miaka ya 1770 katika sehemu ambayo Qianlong alijitayarishia kustaafu. Lina vyumba sita vya aina moja, kila kimoja kwa tabaka moja la mafundisho: kimoja cha mafundisho ya hekima, vitano vya tantra, yaani mafundisho ya siri. Kila chumba kina sanamu ndogo 122 kwenye vijumba vya ukutani, na kubwa 9. Piga hesabu, ni 786. Kila ndogo ina herufi saba kwa mbele, jina la mungu chini yake, na nyuma jina la tabaka. Ni maktaba ya shaba. Majengo ya mpango huo yalikuwa kadhaa, ndani ya kasri na nje. Moja, Baoxianglou, lililokuwa upande wa wajane wa kifalme, lilifunguliwa mwaka 1926 kwa mtaalamu wa lugha za kale, Alexander von Staël-Holstein. Alikuta vumbi na mamia ya sanamu zingali mahali pake, akazipiga picha. Picha hizo zilifika Harvard na kuchapishwa mwaka 1937, na kwa muda mrefu ndizo zilizotumiwa kumtambua mungu yeyote wa Kitibeti aliyetokea makumbushoni bila jina.

Sitazikuza sanamu hizo kupita kiasi kama sanaa. Petali zimenyooka kama zilipimwa kwa rula, nyuso zinafanana, vito vimepangwa sawasawa. Ukizitoka hizi ukaenda kwa Tara wa Zanabazar ni kama kutoka kwenye kamusi kwenda kwenye shairi. Lakini kamusi ndiyo iliyotakiwa.

Nje ya kasri mambo yalikuwa makubwa na ya wazi zaidi. Chengde, kaskazini-mashariki mwa Beijing, ambako kaisari alihamia wakati wa joto, mahekalu yalipanda moja baada ya jingine. Puning, lililoanzwa 1755, liliiga Samye, nyumba ya kwanza ya watawa Tibet. Putuo Zongcheng, lililojengwa kati ya 1767 na 1771, liliiga Potala, kasri la Dalai Lama mjini Lhasa. Xumi Fushou la mwaka 1780, lenye paa la vigae vya shaba vilivyopakwa dhahabu, liliiga Tashilhunpo, makao ya Panchen Lama, lama wa pili kwa ukubwa baada ya Dalai Lama. Hili la mwisho lilijengwa kwa sababu mgeni mwenyewe alikuwa njiani. Panchen Lama wa Sita alikuwa anakuja kwa sherehe ya miaka 70 ya Qianlong.

Waswahili husema mkono mtupu haulambwi, na hakuna aliyekuja na mkono mtupu. Panchen Lama alileta sanamu; kaisari naye akampa mali nyingi mno. Kisha Novemba 1780, akiwa bado Beijing, mgeni akafa kwa ndui. Zawadi zilirudi Tibet pamoja na mwili wake, ndugu zake wakagombea urithi, na mmoja wao, Shamarpa, aliyekosa fungu, akaenda Nepal. Mwaka 1791 Wagurkha wa Nepal walivamia na kuiba mali za Tashilhunpo, na mwaka uliofuata jeshi la Qing likavuka Himalaya kuwatimua. Ukarimu wa kaisari ulizaa vita.

Katika mwaka huo huo wa 1792, Qianlong aliandika tamko na kulichonga kwa lugha nne kwenye jiwe lililosimama hadi leo Yonghegong, nyumba ya baba yake kabla hajawa kaisari, iliyogeuzwa kuwa nyumba ya malama mwaka 1744. Humo anasema waziwazi kwamba kuilinda dini ya kofia za njano ni njia ya kuwatuliza Wamongolia, na kwamba yeye hakuwanyenyekea malama kama walivyofanya watawala wa nasaba ya Yuan, ile ya Kublai Khan. Wanaosema "siasa tupu" hulishika jiwe hili kwa mikono miwili: si amekiri mwenyewe?

Mimi nasita. Jiwe lililowekwa uani kwa lugha nne ni hotuba, na hotuba ina wasikilizaji. Qianlong alikuwa mzee wa miaka zaidi ya 80, ametoka vitani, amekwisha kukasirishwa na malama waliochezea urithi, na maofisa wake wasomi wa Confucius walikuwa wakinung'unika miaka yote. Ukitaka kujua anaamini nini, tazama alichofanya pasipo na wasikilizaji.

Tazama, kwa mfano, ndani ya sanamu. Sanamu ya Kibuddha ikishasubiwa bado si kitu. Hupata uhai inapowekwa wakfu. Tumbo lake hujazwa karatasi za mantra, maneno matakatifu ya kukaririwa, zilizoviringishwa, nafaka, uvumba, pengine masalia ya mtakatifu, kisha hufungwa kwa bamba la shaba lenye alama ya vajra mbili (fimbo fupi ya ibada, alama ya radi) zilizopishana. Hakuna anayetegemewa kuviona tena vilivyomo.

Au tazama kaburi lake. Kuta na dari za kaburi la Qianlong, chini ya ardhi, zimechongwa mabuddha na karibu herufi 30,000 za Kitibeti, pamoja na maandishi ya Kisanskriti. Hakuna Mmongolia aliyekusudiwa kuyasoma. Kaburi lilifungwa, na watu hawakuingia mpaka mwaka 1928, wanajeshi wa mbabe mmoja wa kivita walipolivunja kwa baruti kutafuta dhahabu.

Kati ya hotuba ya uani na ukimya wa kaburi yuko mama. Qianlong alimpenda mama yake kwa namna iliyoigharimu hazina. Mama alipotimiza 80 mwaka 1771, kwa hesabu ya Kichina ambayo mtoto huzaliwa ana mwaka mmoja, na mwana akiwa ametimiza 60 mwaka mmoja nyuma, sanamu za Amitayus, buddha wa maisha marefu, zilisubiwa kwa maelfu. Wana wa kifalme na maofisa walizileta kwa mafungu ya tisa, kwa kuwa neno la Kichina la tisa linasikika kama neno la kudumu. Nyingi zina mwaka wa 1770, na baadhi zimetiwa alama ya herufi kutoka katika utenzi wa kale wa Kichina wa herufi elfu moja zisizojirudia, ili zipangwe kama vitabu rafuni. Hapa Beijing pia, pembeni ya ziwa la Beihai, pakajengwa ukumbi wa ghorofa tatu wenye vijumba kama 10,000 vya Amitayus. Majeshi ya kigeni yaliyoingia mjini mwaka 1900 kuzima uasi wa Maboksa yaliuacha mtupu. Ndiyo maana Amitayus wa 1770 anapatikana leo kwenye minada ya London na Hong Kong, mara nyingi bamba la chini limebanduliwa na tumbo ni tupu.

Zilizobaki kasrini nazo zilikutana na yake. Usiku wa Juni 1923, Puyi, kaisari wa mwisho, akiwa bado anaishi humo ingawa dola ilikwisha kuanguka, moto ulishika bustani ya Jianfu na kuteketeza Zhongzhengdian, ukumbi uliokuwa kiini cha shughuli zote za Kibuddha za kasri. Idara ya nyumba yake ilihesabu sanamu 2,665 za dhahabu zilizopotea. Sababu haikujulikana, Puyi aliwashuku matowashi na kuwafukuza karibu wote. Majivu yalitangazwa zabuni kwa masonara wa Beijing, na aliyeshinda akayachekecha na kupata dhahabu nyingi. Mabaki yaliyokuwa hayana faida kwake yakatiwa magunia na kugawiwa watumishi wa idara. Puyi alikuja kusimulia kwamba miaka baadaye mmoja wao alimweleza habari za mjomba wake: alikuwa ameyachambua magunia hayo, akapata dhahabu ya kutosha kutengeneza madhabahu manne, kila moja kimo chake futi moja, akayapeleka sadaka hekaluni, baadhi yake pale pale Yonghegong.